Jina fupi la binti liwe ndilo jina lenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi vijana, hasa wale ambao mimba imeshafika miezi saba au minane na nyumba nzima imeanza kutafuta jina. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Muheza. Karibu utumishi wangu wote nilifundisha darasa la kwanza, mwanzo Kwimba mkoani Mwanza nikiwa msichana ndiyo kwanza natoka chuoni, kisha huku kwetu Tanga. Majina ya watoto nimeyaita kila asubuhi kutoka kwenye daftari la mahudhurio mpaka nikayajua kwa sauti zake na kwa mwandiko wake. Mwezi uliopita nimepata mjukuu wa kike, wa kwanza kwa mwanangu, na shauri la jina lake ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Wazazi wengi siku hizi wanasema wanamtakia binti yao jina fupi. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Lakini wanachofanya sicho wanachosema. Wanampa mtoto jina refu la kwenye cheti, kisha nyumbani wanalikata: Jacqueline anakuwa Jacky, Mwanaidi anakuwa Mwana, Kokushubira anakuwa Koku. Mtoto anakua na jina moja mdomoni mwa watu na jingine kwenye makaratasi, na pande mbili hizo za maisha yake hazikutani mpaka shida itokee. Ukitaka binti yako awe na jina fupi, mpe jina fupi lililo kamili tangu mwanzo. Liandikwe hivyo hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, aitwe hivyo hivyo uani, aandike hivyo hivyo kwenye mtihani, na aolewe nalo.

Mimi naitwa Mwanahamisi. Ni jina zuri, baba alinipa kwa kuwa nilizaliwa siku ya Alhamisi, nami nalipenda. Lina herufi 11. Cheti changu cha shule ya msingi kimeandikwa Mwanahamisi. Cheti cha ualimu kimeandikwa Mwanakhamisi. Barua ya ajira ilikuja Mwanahamis, bila i ya mwisho. Kitambulisho kimoja kikanifanya Mwana Hamisi, maneno mawili, kana kwamba Hamisi ndiye baba yangu. Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao hakuna aliyejali. Nilipostaafu na kufuata mafao yangu, ofisi moja ikanitandazia karatasi zangu mezani na kuniambia wale ni watu wanne. Nikaenda kwa wakili kuapa. Niliporudi nikaambiwa kiapo kimetaja majina matatu na karatasi zina manne, nikaenda kuapa tena, nauli juu ya nauli, huku mwenzangu tuliyeajiriwa pamoja alishalipwa na kununua mabati. Yeye anaitwa Zena. Popote alipoliandika jina lile, liliandikwa lile lile.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu wakati ule, na kuna kitu nimekiona ambacho sijasikia mtu akikisema. Kwetu pwani mvulana akizaliwa Alhamisi anaitwa Hamisi. Msichana akizaliwa siku hiyo hiyo anaitwa Mwanahamisi. Mvulana wa sikukuu ni Idi, msichana ni Mwanaidi. Mvulana ni Kombo, msichana ni Mwanakombo. Juma, Mwajuma. Kila mara binti anapewa jina la kaka yake na kuongezewa kipande mbele. Wazee walikuwa na sababu yao, maana "mwana" ni neno la heshima kwa mwanamke wa pwani tangu zamani, wala sitaki majina hayo yafutike. Nasema tu kwamba mzigo wa herufi tumewatwisha mabinti kuliko wavulana, na anayetafuta jina fupi kwa binti anatafuta kitu ambacho mvulana alipewa bila kuomba.

Sasa nieleze la darasani, maana huko ndiko nilikojifunza mengi.

Neno la kwanza ambalo mtoto wa darasa la kwanza ana hamu ya kuliandika ni jina lake. Kitabu kitamwambia aandike "baba" na "kaka", ataandika kwa kuwa mwalimu kasema. Jina lake ataliandika bila kuambiwa: kwenye jalada la daftari, kwenye dawati, kwenye mchanga chini ya mwembe, kwenye ukuta wa choo. Nilikuwa naomba maboksi ya sabuni dukani, nayakata kadi, naandika kila jina kwa kalamu nene. Mtoto anafuatisha herufi kwa kidole kwanza, kisha kwa kijiti ardhini, ndipo nampa penseli. Mwaka 2015 ulipokuja mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ile tunayoiita KKK, tuliopenda kazi hii tulifurahi, kwa sababu hatimaye mtoto alipewa nafasi ya kukaa na herufi mpaka azizoee.

Unaanza na irabu, a e i o u. Ukiingia kwenye konsonanti unapanda silabi moja moja: ma me mi mo mu, ta te ti to tu. Basi siku mnayofika kwenye ta na tu, kuna mtoto mmoja darasani anashtuka. Anaitwa Tatu. Anainua macho ubaoni, anatazama kadi yake, anatazama ubao tena. Ameliona jina lake likitoka kwenye zile silabi ambazo wote wamekuwa wakiziimba. Siku ile ile anaandika. Pili anafika siku mnayofika kwenye pi na li. Asha anasubiri kidogo sha. Hao watoto wakishaandika jina lao wanakuwa wengine, wanakaa mbele, wananyoosha mkono hata kwa swali wasilolijua.

Halafu nilikuwa na mtoto mwingine. Jina lake ni la kizungu, lenye c, q na e ya mwisho isiyotamkwa. Wazazi wake walilichagua kwa mapenzi, nami nilimpenda mtoto yule. Lakini katika silabi zetu hakuna q, na c haisimami peke yake bila h. Wenzake wakiandika majina yao, yeye alifunika daftari kwa mkono. Baada ya muda akajitahidi, akasikiliza jina lake mwenyewe kwa masikio yake, akaandika Jakilini. Mhariri, kwa kila kitu nilichomfundisha, alikuwa amepata. Herufi zote mahali pake, silabi zote zimefunguka. Ikanibidi nimwambie siyo hivyo, kwa sababu cheti chake kinasema vingine, na karatasi ya mtihani wa taifa siku moja itafuata cheti. Hakuniuliza kwa nini. Aliendelea kunakili kutoka kwenye kadi, herufi moja moja, bila kuisoma, kwa muda mrefu kuliko wenzake wote.

Nawasikia wasomaji wakisema huyu bibi anapiga vita majina ya kigeni. Hapana. Asha ni jina lililotoka Uarabuni likafika hapa likakaa, likaacha kipande njiani likawa letu. Jirani zangu Wakristo wana Ana, Lea na Ruthu, mafupi, yamo ndani ya Biblia, na mtoto anaandika bila taabu. Madaftari yangu yalijaa akina Happiness, Gladness na Loveness, majina ambayo wazazi wamewapa watoto wao kwa shukrani, na shukrani haichekwi. Ninachosema ni kwamba anayetafuta jina fupi alitafute kwenye masikio na mdomo wa watu watakaomwita mtoto wake.

Nije kwenye simu. Mkwe wangu, mama wa huyu mjukuu, alikuja kwangu kujifungua akiwa na orodha aliyoitoa kwenye simu. Mia, Zoe, Ava, Ella, Ivy. Yote mafupi. Tulikaa naye mkekani tukayapitia moja moja, wala sikumkatisha tamaa, nilimwomba tu ayatamke kama atakavyotamka mwalimu, kama atakavyotamka muuza genge, kama atakavyotamka mama yake kule Kwimba. Zoe, kwa macho ya mtoto anayejua zo na e, ni mwanzo wa neno "zoea". Kila mtu atalisoma hivyo na binti atatumia umri wake kuwasahihisha. Mia nalo, mimi nimefundisha kuhesabu: tisini na nane, tisini na tisa, na hapo darasa zima lingemgeukia mtoto mmoja. Ivy linaandikwa kimoja na kutamkwa kingine. Ufupi wa jina hauhesabiwi kwa herufi peke yake, na jina la herufi tatu linaweza kumtesa mtu kama langu la 11.

Nikamwambia jambo ambalo hakulijua. Marekani, mwaka 1966, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa na nguzo zake saba akaziita kwa Kiswahili. Mbili kati ya hizo ni Nia na Imani. Mpaka leo kuna mabinti wa Wamarekani Weusi wanaoitwa Nia, wanaoitwa Imani, na wengine Zuri. Watu waliopokonywa majina ya mababu zao walivuka bahari kwa mawazo kuja kuchukua majina mafupi kwetu, wakayashika kwa fahari. Sisi tulio juu ya ghala lenyewe tunafungua simu kutafuta Mia.

Na ghala si la Kiswahili tu. Nilipokuwa Kwimba nilifundisha akina Wande, Minza, Holo, Kabula na Milembe. Nilikuwa mgeni, sijui Kisukuma, na majina yale ndiyo yaliyonifundisha njia ya kuwafikia watoto, kwa sababu niliweza kuyatamka siku ya kwanza na wao wakacheka kwa furaha kuona mwalimu wa pwani anawaita sawasawa. Mwalimu mwenzangu alikuwa Mjaluo wa Rorya, binti yake anaitwa Akoth kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, na darasani kwangu Kabula naye alizaliwa na mvua. Watoto wawili, lugha mbili zisizo na udugu, na kila mmoja ana jina fupi lililomtosha. Wagiriama wana Kadzo, Dama na Sidi. Kila kabila ukilitembelea lina majina ya namna hii, kwa sababu wazee waliita watoto kwa kupaza sauti, shamba hadi shamba, na jina la kupaza sauti halipendi kuwa refu.

Kwa wanaodhani jina fupi ni dogo, kwamba halitapendeza kwenye shahada ya chuo kikuu au juu ya mlango wa ofisi, nawakumbusha Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Katikati ya miaka ya hamsini alizunguka kuwaingiza wanawake TANU, wakati wengi wao hawajawahi kusimama kwenye mkutano wa hadhara, na jina lake lilikuwa silabi moja iliyorudiwa mara mbili. Mama asiyejua kusoma alilishika kwa kusikia mara moja. Leo ni jina la barabara kubwa mjini Dar es Salaam. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na herufi nne zikatosha kwa pwani nzima. Asha-Rose Migiro alikaa Umoja wa Mataifa kama Naibu Katibu Mkuu kuanzia 2007 hadi 2012. Tulia Ackson alikalia kiti cha Spika. Samia ni herufi tano.

Huyo Siti ananikumbusha jingine. Hakuzaliwa Siti. Wazazi wake walimwita Mtumwa, na Siti ni jina la heshima alilopewa baadaye. Tunayo majina mengi mafupi ya aina ya hilo Mtumwa: Tabu, Shida, Mashaka. Ni rahisi kuandika, ni ya Kiswahili safi, na mtu anaweza kuniambia, mwalimu, haya ndiyo unayoyasifu. Nimefundisha Tabu mmoja ambaye alikuwa na akili kuliko darasa zima. Najua pia kwa nini wazee waliyatoa. Mama aliyezika watoto wawili au watatu alimpa anayefuata jina baya ili mauti yasimtamani. Yale yalikuwa maombi, na anayeitwa hivyo asione haya hata kidogo. Ila mtoto anayezaliwa leo asibebeshwe huzuni ya waliomtangulia. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alibadilisha majina yenye maana mbaya, na binti wa Sayyidna Umar aliyeitwa Asiya, kwa maana ya mwasi, alimwita Jamila.

Sasa kuna jambo ambalo vijana hawalifikirii kabisa, nami naliona kubwa kuliko yote niliyotaja. Unapochagua jina la mtoto wako wa kwanza unachagua jina lako mwenyewe. Siku ya arobaini ikipita, mkwe wangu hataitwa tena kwa jina lake hapa mtaani. Ataitwa Mama Fulani. Sokoni, kliniki, kwenye vikoba, msibani, kwa mwenye duka anayeandika deni, atakuwa Mama Fulani mpaka anakufa, hata akizaa wengine saba. Jina la binti litatamkwa kwa ajili ya mama mara nyingi kuliko litakavyotamkwa kwa ajili ya binti. Kama ni refu, watu watalikata wapendavyo, na wewe uliyelichagua kwa makini utaishi na kipande alichokiacha jirani. Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza mwaka 1913 na 1914, jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi. Mekatilili ni mama yake Katilili. Historia nzima imemwandika kwa jina la mwanawe.

Basi nieleze tulivyofika. Mwanangu alikuwa na wazo lake tangu mwanzo, na ni wazo la heshima. Kwetu binti wa kwanza anachukua jina la mama wa baba. Akaniambia, "Mama, tumeamua awe somo wako." Nilifurahi, nani hafurahi. Nikamtazama mkwe wangu, akainamisha kichwa. Nikamwambia, "Mwanangu, sema, mtoto ni wako." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwa adabu kabisa, "Mama, mimi naomba jina ambalo nitaweza kuliita."

Mhariri, wasomaji wa mjini huenda wamesahau. Mke halitamki jina la mama mkwe wake. Kama mtoto angekuwa Mwanahamisi, mama yake mzazi asingeweza kumwita kwa jina lake hata siku moja. Angemwita "Mama" au "Bibi" au jina lolote la kubuni, na pale pale mtoto angekuwa na majina mawili kabla hajakata meno. Mwanangu alikuwa hajalifikiria. Nikamwambia heshima yangu nimeshaipata kwa kutajwa, na katika Qurani, Sura ya Al Imran, ni mama yake Mariamu aliyesema, "Nami nimemwita Mariamu." Binti yule aliitwa na mama yake. Mjukuu wangu naye aitwe na mama yake.

Ikabidi liwe jina litakaloketi nyumba mbili, kwa sababu wakwe zetu wa Kwimba ni Wakristo na sisi Waislamu. Wakampigia simu mama mkwe wa mwanangu, wakaweka sauti kubwa, tukashauriana wote. Yeye alitaja Wande, ambalo nililipenda. Mimi nikataja Raha, Mize, Nuru na Tunu. Tukaanza kuyaunganisha na jina la baba na la babu, maana hapa kwetu hakuna jina linalotembea peke yake. Jambo hili nawasihi wazazi wasiliruke. Majina matatu husomwa pamoja siku ya kuitwa kupokea cheti, mbele ya watu, na Raha akiwa binti wa Mashaka ukumbi utacheka. Raha likatoka kwa sababu hiyo hiyo, nisimtaje babu.

Kisha nikamwambia mkwe wangu aende jikoni nje, asimame karibu na mafiga, aite kila jina kana kwamba mtoto yuko mbali anacheza na giza linaingia. Majina yetu yana bahati moja: karibu yote yanaishia na irabu, na irabu inavutika. Huwezi kuvuta Grace mpaka ulifanye Gresii. Akaita Nuru, akaita Mize, akaita Wande. Alipofika Tunu akaliita mara mbili bila kuambiwa. Jirani ng'ambo ya ua akauliza, "Ndiye mgeni wetu huyo?" Mkwe wangu akajibu, "Ndiye."

Kwa jicho la mwalimu nina neno moja juu ya Tunu. Mtoto wa darasa la kwanza huchanganya n na u, kama anavyochanganya b na d, kwa sababu ni umbo moja lililopinduliwa. Mjukuu wangu atapinda jina lake mara kadhaa kabla hajalinyoosha. Hilo halinisumbui, kadi yake nitaikata mimi. Siku ya saba tulimfanyia akika, mbuzi mmoja kama ilivyo kwa mtoto wa kike, nywele zikanyolewa, na babu mdogo akalitamka jina mbele ya watu.

Kuna anayehofia kwamba majina mafupi yanafanana mno, kwamba binti atapotea kati ya akina Asha wote wa nchi hii. Nimewahi kuwa na akina Tatu watatu katika darasa moja. Niliwaita kwa majina ya baba zao na hakuna aliyechukua alama za mwenzake. Nimewahi pia kuwa na akina Happiness wawili, kwa hiyo urefu haukunisaidia. Majina matatu na namba ya kitambulisho cha taifa yanatosha kumtenga mtu na mwenzake. Na kama bado una wasiwasi, acha Asha na Neema, chukua yale yaliyoanza kusahaulika.

La mwisho ni la vitendo. Jina likishapatikana, lisiachwe mdomoni. Siku hizi katika mikoa mingi mtoto wa chini ya miaka mitano anapata cheti cha kuzaliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, bila malipo, na karibu na nyumbani. Ni neema ambayo mimi sikuipata. Lakini anayejaza fomu ana foleni mbele yake, kelele za watoto, na anaandika anachokisikia. Mzazi, andika majina yote matatu kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, kwa tahajia moja ile ile iliyo kwenye kadi ya kliniki na kwenye kitambulisho cha baba, umkabidhi. Akimaliza, mwombe akusomee alichoandika herufi moja moja kabla hajagonga muhuri. Kama hujui kusoma, nenda na anayejua. Nanyi wauguzi na watendaji wa kata, mama akiomba kusomewa jina la mwanawe msimwone msumbufu. Msomeeni mpaka aridhike.

Mwanahamisi,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.